Matawi yaliyokatwa Hirosaki

Mmeuliza wiki hii: "Ni bustani gani uliyowahi kuitembelea ukatamani kurudi, na kwa nini?" Yangu ni Bustani ya Hirosaki, mkoani Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Honshu, Japani. Nilikwenda mwishoni mwa Aprili, enzi zile nasoma Tokyo. Tokyo maua ya sakura, yaani ya micheri, yalikuwa yameshapukutika zamani, lakini Hirosaki baridi huchelewa kuondoka na maua nayo huyangojea majira yake.

Bustani hiyo ni eneo la ngome ya ukoo wa Tsugaru, iliyokamilika mwaka 1611 na kufunguliwa kwa wananchi mwaka 1895. Ina mahandaki ya maji, madaraja mekundu na mnara mdogo wa mwaka 1810, na upeoni unauona mlima Iwaki bado na theluji yake. Miti ya sakura ni kama 2,600. Petali zikianguka hutanda juu ya maji ya handaki mpaka huoni maji tena, ni zulia la waridi linalosogea polepole na upepo. Wenyeji hulifananisha na chelezo. Nilisimama pale ukingoni mpaka miguu ikafa ganzi kwa baridi.

Lakini kilichonivuta zaidi ni mashina. Mimi nimekulia Marangu, Kilimanjaro, kwenye mibuni, na jicho langu huanza na kovu la panga kabla ya ua. Ile miti ilikuwa imejaa makovu: tawi limekatwa safi, kidonda kimepakwa dawa, pembeni limechipua tawi jipya lililobeba maua. Nikashangaa, maana Wajapani wana msemo wa kale kwamba anayekata sakura ni mjinga, na asiyekata mti wa plamu ni mjinga vilevile. Sakura ikikatwa ovyo, kidonda huoza na mti hufa.

Mama mwenyeji wangu, ambaye familia yake inalima matofaa, ndiye aliyenieleza. Aomori ndiyo mkoa unaoongoza Japani kwa matofaa, na watunzaji wa bustani walichukua ujuzi wa kupogoa mitofaa wakautumia kwenye sakura. Aina iliyoenea kule, Somei Yoshino, huzalishwa kwa kubebesha, yaani kitawi cha mti mmoja huunganishwa kwenye shina la mwingine, kwa hiyo miti yote ni kama mapacha na huchanua kwa pamoja. Kwingineko husemwa kwamba ikifika miaka 60 hadi 80 huanza kuchoka. Hirosaki ipo iliyopandwa mwaka 1882, na inachanua bado. Nyingine nyingi zimevuka miaka 100.

"Hesabu," akaniambia, akiinamisha kitawi taratibu bila kuligusa ua. Kwa kawaida chipukizi moja hutoa maua matatu au manne. Nikahesabu matano. Nikahesabu jingine, matano tena. Ndiyo maana ukitazama juu huoni mbingu!

Watu walikuwa wametandika maturubai chini ya miti, viatu vimepangwa pembeni kama mlangoni kwa mtu, wazee kwa watoto wanakula na kucheka. Sikuona hata mmoja akichuma ua, na hilo lilinigusa sana. Mti uliotunzwa na watu watatu wanne wakipokezana kwa zaidi ya karne, unauchumaje?

Jioni ile nilimpigia mama simu nyumbani. Nilidhani ataniuliza kuhusu maua, nikawa nimeshaandaa picha za kumtumia. Akaniuliza, "Wanapogoa mwezi gani?" Nikamwambia ni mwishoni mwa majira ya baridi, theluji ingalipo, mti ungali umelala.

"Haya," akasema. "Hao wanaijua kazi. Mwulize huyo mama, dawa ya kidonda wanapaka siku ileile au wanasubiri kikauke?"