Avalon, na kidoa cha kona ya juu kulia

Wiki hii mmeuliza: jengo gani la mjini Dar es Salaam unalikumbuka kwa yaliyokuwa yakifanyika ndani yake? Langu ni sinema ya Avalon, Mtaa wa Zanaki, ya miaka ya 1940, Mwingereza akiwa bado anatawala. Ila si yeye aliyetuletea sinema. Avalon, Empire na Empress zilikuwa mali ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, ndiyo maana picha la Bombay lilikuwa na heshima yake mbele ya lile la Hollywood. (Drive-In ya 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa, ilikuwa ya wenye magari. Siihesabu.)

Jumba la sinema lina vituko vyake: nje limejipamba, ndani halina dirisha. Sakafu inateremka ili kichwa cha aliye mbele kisikuzibe. Juu, tiketi ghali. Chini kabisa mbele, sisi watoto, shingo zimepinda. Nyuma yetu, mwanga unachomoza kwenye kitundu cha chumba cha mashine.

Mjomba ndiye aliyenipa siri. "Tazama kona ya juu kulia." Kikaja kidoa cha duara, kikapotea. Kikaja tena. "Hapo opareta anabadilisha mashine." Roli moja ya filamu haikuzidi sana dakika 20, kwa hiyo mashine mbili zilipokezana. Tangu siku hiyo niliharibika: stelingi analia kaburini kwa mama yake, mimi nasubiri kidoa. Opareta akisinzia, skrini inabaki nyeupe, ukumbi mzima miluzi.

Wengi husema televisheni ndiyo iliyoua sinema. Nakubali nusu. Bara tuliipata 1994, na video zilishaingia majumbani miaka ya 1980. Lakini viti vilianza kuchanika kabla. Mwaka 1971 majengo makubwa ya kupangisha yalitaifishwa, na majumba ya sinema hayakupona. Mwenye jengo akawa Msajili wa Majumba, yaani serikali; mwonyesha picha akawa mpangaji. Paa likivuja, nani atoe fedha? Suruali yangu ya Idi iliraruliwa na springi ya kiti, ukumbi siutaji. Mama akaishona kwa uzi wa rangi nyingine, akigomba. Jumapili iliyofuata nikaivaa kwenda kulekule.