Jibu: Nimesajiliwa kozi ya mtandaoni, nianzie wapi?

Waalaikum salaam dada. Umesema kozi yafunguliwa Jumatatu, nawe uko Shela, hapa Lamu, na simu tu, huna kompyuta. Usingoje Jumatatu. Ingia leo kwenye mfumo wa kozi, ubadilishe nywila uliyopewa, kisha usome muhtasari wa kozi mwanzo hadi mwisho, maana humo ndimo mna tarehe za kazi na mgawanyo wa alama.

Saa ndizo zilizoniumiza mimi. Kazi yangu ya kwanza iliandikwa mwisho ni Ijumaa, 12:00 am. Nikadhani ni saa sita ya Ijumaa usiku. Kumbe ni usiku wa kuamkia Ijumaa! Nilichelewa siku nzima, na alama zikakatwa. Nililia, wallahi. Kwa hivyo kila tarehe igeuze kwa saa zetu, uiandike ukutani. Kama mfumo wenu ni Moodle, tazama pia kwenye wasifu wako kama majira yaliyowekwa ni ya Nairobi.

Moodle ina programu ya simu inayokuruhusu kupakua masomo. Yapakue unapopata mtandao mzuri, uyasome hata bando likiisha au stima zikipotea. Majibu marefu yaandike kwanza kwenye sehemu ya kumbukumbu (Notes) ya simu, uyahifadhi, ndipo uyabandike. Mtandao ukikatika katikati, hupotezi kitu.

Na mwandikie mwalimu wiki hii hii, umweleze kwamba unatumia simu. Mimi niko Langoni. Ukikwama kuingia, andika hapa hapa nitakuelekeza.