Nimekaa Mwanza Miaka 17, Nichukue Uraia au Nibaki na Pasi ya Kwetu?

Wasomaji wangu, safari hii maswali ya wakwe na michepuko nimeyaweka pembeni kidogo, maana zimeingia barua tatu zimefuatana na zote zinauliza habari ya uraia, na kila mmoja ana haraka yake. Nimezifupisha, majina nimeyaficha.

Shangazi shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, kwetu Homa Bay upande wa Kenya. Nilivuka mpaka wa Sirari mwaka 2008 nikaja Mwanza kumsaidia mjomba wangu dukani, mjomba akarudi nyumbani mimi nikabaki. Sasa hivi niko Igoma, natengeneza simu na pembeni nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Mke wangu ni Msukuma wa Magu, tuna watoto watatu, mkubwa ana miaka 16. Vibali nimelipia miaka yote na makaratasi ninayo. Tangu ile amri ya biashara za wageni itoke nimeambiwa leseni yangu ikiisha hairudi tena. Marafiki wanasema chukua uraia yaishe. Mwingine ananiambia kuna mtu anaweza kunitafutia cheti cha kuzaliwa cha Rorya, upande huu wa Tanzania, kwani Wajaluo si wapo pande zote? Baba yangu naye alisikia akanipigia simu, akasema nikiikana Kenya nani atanizika. Hata sijui nishike lipi. — Baba Akinyi, Igoma

Marahaba baba, pole na mawazo.

Nianze na hilo la Rorya kwa sababu ndo linalonitisha kuliko yote. Usikubali. Najua mpaka ule ulichorwa na wakoloni ukapita katikati ya watu wa damu moja, Shirati na Migori wanaoana mpaka leo na kuzikana, lakini cheti cha uongo ni cha uongo. Uraia uliopatikana kwa kudanganya unafutwa hata ukikaa nao miaka, na kudanganya kwenyewe ni kosa la jinai. We una miaka 17 ya vibali halali mkononi halafu unataka kuizika chini ya karatasi ya kughushi, yaani utatupa dhahabu uokote bati! Na huyo mtu akikamatwa na daftari lake, jina lako limo.

Sasa amri yenyewe. Ilitoka Julai 2025, inakataza asiye raia kufanya shughuli 15 za biashara, na zako zote mbili zimo, kutengeneza simu na huduma za pesa kwa simu. Mwenye leseni anaruhusiwa kuimaliza ila haihuishwi, hapo waliokuambia hawajakudanganya. Ukikutwa unaendelea faini ni kuanzia milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali cha kuishi kinaondoka. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba Mtanzania anayemsaidia mgeni kufanya hizo shughuli naye anabanwa, faini milioni 5 au jela miezi 3, kwa hiyo ile akili ya kubadilisha jina la leseni liwe la mama Akinyi wakati anayeshika pesa na kupanga kila kitu ni wewe, mnajiingiza wote wawili kwenye shimo moja na watoto watabaki na nani? Kama ataifanya biashara iwe yake kweli, asimamie mwenyewe, akope mwenyewe, aweke fundi kijana wa Kitanzania, hiyo sawa kabisa. Lakini na wewe ukikaa pale kufanya kazi unahitaji kibali cha kazi, usijidanganye kwamba ndoa inatosha.

Na hapa niseme kinachoniuma. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke wa nje aliyeolewa na Mtanzania njia yake ya kuomba uraia kupitia ndoa. Mwanamume wa nje aliyemuoa Mtanzania hana njia hiyo, anaomba kama mgeni mwingine yeyote. Mi naona si haki, tena anayeumia si wewe peke yako, ni huyo binti wa Magu ambaye nchi yake inamwambia kwamba ndoa yake haina uzito sawa na ya kaka yake. Nimelisema na nitalisema tena, ila kwa sasa tufanye kazi na sheria ilivyo.

Ilivyo ni hivi. Unatakiwa uwe umekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12 uwe umekaa jumla isiyopungua miaka 7. Hapo umepita bila jasho. Ujue Kiswahili au Kiingereza, uwe na tabia njema, uonekane umechangia kitu kwenye uchumi na maisha ya nchi, na uwe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Fomu zinaanzia Uhamiaji, unatangaza gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze, unahojiwa, kamati za usalama zinakaa na jina lako, mwisho linafika kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Waziri akikataa halazimiki kukupa sababu, na ukikataliwa huendi mahakamani kukata rufaa. Kwa hiyo usiuze kitu wala usimwage maji ya mtungi kwa sababu umesikia ngurumo. Hii safari ina vituo vingi, leseni yako inaweza kuisha ukiwa bado unangoja majibu, ndo maana nakwambia riziki ya watoto ipange kivyake na uraia kivyake.

Tuje kwa mzee. Baba yako hasemi upuuzi. Kenya tangu katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, raia wa kuzaliwa hapotezi chake kwa kuchukua cha nchi nyingine. Kenya haina neno. Mwenye neno ni Tanzania, ambayo mtu mzima haimruhusu kuwa na viwili, kwa hiyo wakikukubali utatakiwa uukane wa Kenya rasmi na uape. Ukishaukana, kule kwenu unahesabika mgeni, na katiba yao hiyohiyo inasema asiye raia hamiliki ardhi ila kwa kukodishiwa, kisichozidi miaka 99. Sasa fikiria dala, yaani boma la babako, ile sehemu unayotakiwa ujenge kama mtoto wa kiume. Mzee hajasoma vifungu lakini ameona mbali. Kuzikwa watakuzika tu, hakuna anayeomba pasipoti kaburini, ila hati ya shamba ni kitu kingine. Kaeni na ndugu zako muongee mapema, lile eneo liandikwe vipi na kwa jina la nani, kabla hujagusa fomu.

Ni kweli pia katiba ya Kenya inampa aliyezaliwa Mkenya haki ya kuomba arudishiwe uraia alioupoteza kwa kuchukua wa nchi nyingine. Wengine wanaitumia hiyo kujifariji, "nitaukana halafu nitaurudisha kimyakimya." Ukiurudisha, wa Tanzania unaondoka kwa sheria, na siku utakayoonyesha pasi mbili pale Sirari utaumbuka.

Upande wa huku pia ardhi ina neno. Asiye raia hapewi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, sasa kama kuna kiwanja mmenunua Buhongwa au wapi, kitakuwa kwa jina la mkeo, na ni lake kisheria. Hiyo nayo iweke kwenye mizani.

Na Akinyi wako, ana 16. Amezaliwa hapa, mama Mtanzania, ni raia. Lakini kwa Kenya naye ni raia kwa sababu yako, hata kama hajawahi kulala Homa Bay. Akifika miaka 18 sheria ya Tanzania inamtaka achague. Kaa naye. Watoto wetu wanafika chuo wanajaza fomu hawajui kwamba kuna jambo linawangoja, halafu wanakuja kukwama kwenye kitambulisho.

Umeniuliza ushike lipi. Mi ningekuwa dada yako ningekuuliza, ukifika miaka 70, magoti yanauma, unataka kuamka wapi asubuhi? Kama jibu ni Igoma kwa mkeo na wajukuu, omba, na uombe kwa moyo mweupe, miaka 17 ni maisha. Kama jibu ni kwenye lile dala, basi usiikane nchi ya baba yako kwa sababu ya kibanda cha kutolea pesa, badilisha kazi, tafuta shughuli isiyo kwenye zile 15, endelea na kibali. Kilichonigusa kwenye barua yako ni kwamba hujaandika popote kwamba unataka kuwa Mtanzania, umeandika leseni tu. Labda umesahau kuandika. Labda hapana. Jiulize hilo kwanza.

Shangazi, mimi ni Mganda wa Masaka, nimeolewa na mfanyabiashara wa dagaa hapa Kirumba miaka 9, tulifunga kimila, mahari ikalipwa. Uraia sijawahi kufuatilia, nilikuwa naona tupo tu. Sasa mume wangu figo zimechoka, tuko hospitali ya Bugando kila wiki. Shemeji zangu wameanza maneno. Naogopa. — Mama Nakato

Mama Nakato, pole sana mdogo wangu, na mgonjwa Mungu ampe nafuu.

Nitaandika kwa kifupi ili usome upesi. Ile njia ya wake niliyomwambia Baba Akinyi ipo kwa ajili yako, lakini sheria inasema mke anaomba wakati wowote *katika uhai wa mume*. Naumia kuliandika neno hilo mbele ya mtu mwenye mgonjwa ila nisipoliandika nitakuwa nimekutupa. Ndoa ya kimila Tanzania inatambulika, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaikubali na inaweza kusajiliwa, sasa wakati mume ana nguvu za kuongea na kusaini, nendeni mkaisajili, mashahidi wa mahari wawepo, na mwenyekiti wa mtaa awajue. Cheti kikitoka nenda Uhamiaji mkoa, chukua fomu. Hata usipochukua uraia mwisho wa siku, hicho cheti cha ndoa ndo kitakuwa ngao yako kwa mashemeji.

Uganda inaruhusu uraia pacha, Tanzania hairuhusu, kwa hiyo na wewe utaulizwa kuukana wa Uganda. Lifikirie hilo, lakini kusajili ndoa usilingoje, hilo halikunyimi kitu.

Shangazi za masiku. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Nansio Ukerewe, niko Ujerumani mwaka wa saba sasa. Lugha nimefaulu, mtihani wa uraia wa maswali 33 nimefaulu. Wenzangu wananiambia Ujerumani siku hizi wanaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo nachukua na cha nyumbani nabaki nacho. Mama yangu yuko peke yake kisiwani na baba alishatangulia. Ni kweli nitabaki navyo viwili? — Muuguzi wa Nansio

Nzuri mwanangu, na hongera, kufaulu mitihani kwa lugha ya watu si mchezo.

Wenzako wamekupa nusu ya habari. Ni kweli tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani haimdai mtu aukane uraia wa kwao, na miaka ya kusubiri imeshuka kuwa 5. Lakini wanaokuambia hivyo ni Waturuki na Wasiria na wengine ambao nchi zao haziwanyimi. Sisi sheria yetu iko wazi, Mtanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa Tanzania umeondoka palepale, hata kama pasipoti ya Tanzania bado iko kabatini na hakuna aliyekuuliza. Kuitumia hiyo pasipoti baada ya hapo ni kosa.

Maana yake, siku simu inalia usiku kwamba mama hali si nzuri, utaomba viza, utalipa dola 50, uingie nchi uliyozaliwa kama mtalii anayekwenda Serengeti. Mi nimeona watu wazima wanalia kwa hilo. Bunge mwaka 2025 lilipitisha mabadiliko ya sheria za uhamiaji na ardhi yanayoleta hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, inalegeza habari ya kuingia na kukaa na ya ardhi, ni hatua na nimeifurahia, lakini si uraia, kura haimo.

Ila na mimi nisikupe nusu. Kama una kibali cha kudumu cha Ujerumani, kwa kawaida ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi 6 kinakufa. Mama akihitaji kuuguzwa mwaka mzima, na wewe ndo muuguzi wa familia, utafanyaje? Mwenye uraia wao hana hofu hiyo, anaondoka na kurudi atakavyo. Kwa hiyo huyohuyo mama anakuvuta pande mbili. Dawa ipo, ofisi ya wageni ya mji wako inaweza kukuongezea huo muda ukiomba *kabla* ya kuondoka na ukapewa kwa maandishi. Kwa hali yako, mama yu hai na moyo uko Nansio, mi ningebaki Mtanzania kwa sasa na kutumia njia hiyo. Mtihani uliofaulu hauozi, uweke.

Na kiwanja cha marehemu baba, mirathi mlifungua? Hujasema, na kutosema huko kunanipa wasiwasi. Ongea na ndugu zako, waende mahakama ya mwanzo wafungue, msimamizi ateuliwe, jina lako lionekane ukiwa bado raia, maana ukishakuwa Mjerumani hiyo ardhi utaidai kwa mgongo gani? Fomu ya Ujerumani iache mezani mpaka hilo liishe.