Tetesi za usajili wa langalanga: kwa mnaoanza kutangaza michezo Mtwara na Lindi

Wadogo zetu mnaoanza kusoma habari za michezo redioni, Formula 1, yaani mbio za magari ya langalanga, itawasumbua kuliko Ligi Kuu. Mpira una dirisha la usajili: likifungwa, tetesi nyingi zinakufa. Langalanga haina dirisha. Timu ya Ferrari ilitangaza kumchukua dereva Lewis Hamilton tarehe 1 Februari 2024, wakati bado alikuwa na msimu mzima wa kuendesha Mercedes.

Kwa hiyo anzeni na daftari la mikataba. Msimu wa 2026 una timu 11 na viti 22. Kila kiti kiwe na mstari wake: dereva, mwaka wa mwisho uliotajwa na timu yenyewe, tarehe ya tangazo, na kipengele cha kuondoka kama kinajulikana. Timu ikisema “mkataba wa miaka mingi” bila kutaja mwaka, acheni wazi, msijaze kwa kukisia. Safu ya kipengele ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo yenye habari. Agosti 2023 Mercedes walitangaza kwamba Hamilton yupo hadi 2025, lakini mkataba ulimruhusu kutoka baada ya 2024, naye akautumia mlango huo.

Tetesi ikiingia, ulizeni kwanza inamfaa nani. Meneja wa dereva anayemaliza mkataba anafaidika ikisemwa kwamba timu nyingine inamtaka. Bosi anayemsifu hadharani dereva wa wapinzani anaivuruga timu ile, na papo hapo anawakumbusha madereva wake kwamba viti vyao havijafungwa kwa kufuli. Katikati ya 2025 jina la dereva Max Verstappen lilihusishwa sana na Mercedes, ingawa mkataba wake na Red Bull unafika 2028. George Russell, dereva wa Mercedes ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwaka huohuo, alisema mwenyewe kwamba mazungumzo na Verstappen yapo. Mwisho wa Julai, kule Hungary, Verstappen akasema anabaki Red Bull. Russell alithibitishwa kubaki Mercedes Oktoba. Miezi yote hiyo maneno yalikuwa sehemu ya kupatana bei, na mtangazaji aliyesema “Verstappen amekwenda” alimbebea mtu mzigo bila kujua ni wa nani.

Jifunzeni kufuata mnyororo, maana kiti kimoja kikifunguka hutikisa vingine. Someni vizuri siku sita za 2022. Tarehe 28 Julai Sebastian Vettel alitangaza kustaafu. Tarehe 1 Agosti Aston Martin wakamtangaza Fernando Alonso kuchukua nafasi yake. Tarehe 2 Agosti Alpine, walioachwa na Alonso, wakamtangaza Oscar Piastri, na siku hiyohiyo Piastri akakanusha. Tangazo la Alpine halikuwa na neno hata moja kutoka kwa dereva, na hiyo ndiyo dalili ya kuitafuta kila mara. Shauri lilipelekwa kwenye bodi inayoamua mikataba ya Formula 1, na tarehe 2 Septemba ikaamua kwamba mkataba halali wa Piastri ni ule aliosaini na timu nyingine, McLaren, wa tarehe 4 Julai. Tangazo la timu moja, basi, bado ni upande mmoja wa habari.

Kukanusha nako kuna vipimo. “Nina mkataba” si sawa na “nitaendesha hapa mwakani.” Sergio Pérez aliongezewa mkataba na Red Bull Juni 2024, miaka miwili, Desemba mwaka huohuo akawa ameondoka. Nukuuni alichosema, msikinyooshe.

Hewani, semeni tetesi ni tetesi kabla ya kutaja jina la dereva, si baada yake. Anayesikiliza huku anapima mzigo hasubiri mwisho wa sentensi. Wasikilizaji wenu wa Tandahimba na Newala wanaijua tofauti ya bei ya korosho ya kijiweni na bei iliyotoka mnadani, kwa hiyo hawatashindwa kuelewa. Tajeni chombo kilichoripoti. Vyombo vitano vikinukuu kimoja, chanzo ni kimoja.

Alhamisi ya wiki ya mbio, kwa kawaida, madereva huongea na waandishi. Pitieni maneno yao jioni hiyo. Mbio nyingi za Ulaya huanza saa 10 jioni kwetu, na tetesi iliyochelewa hadi dakika hizo iacheni hadi mbio ziishe. Mkikosea, sahihisheni katika kipindi kilekile, kwa kulitaja kosa lenyewe.