Jibu: Ukungu wa kijani kwenye mifuko ya uyoga mamama

Pole ndugu. Umeuliza kwa nini mifuko yako ya mabua ya mpunga imeshikwa na ukungu wa kijani kabla utando mweupe wa uyoga haujaenea. Huo ni ukungu uitwao trikodema, na mara nyingi chanzo ni mabua yasiyopikwa vya kutosha au yenye maji mengi. Kuyamwagia maji ya moto tu, kama ulivyoeleza, hakutoshi. Yakate vipande vya sentimita 3 hadi 5, yaloweke usiku kucha, yachuje, kisha yapike kwa mvuke ndani ya pipa. Hesabu saa 2 hadi 3 tangu mvuke uanze kutoka, si tangu uwashe moto. Hapo ndipo wengi wanapokosea!

Kabla ya kupanda, kamua konzi moja: tone moja au mawili ni sawa, yakichuruzika yatandaze kwanza kwenye turubai safi. Yapoe kabisa, maana joto huua mbegu za uyoga. Pumba za mahindi ulizochanganya acha kwa sasa, ukungu huo unazipenda mno.

Mifuko iliyoathirika itoe bandani leo hii, bila kuifungua. Vumbi lake la kijani ndilo linaloambukiza mingine.