Anwani inarudi bila ile 1 ya mwanzo

SWALI: Habari za kazi. Nimeandika programu inayogeuza anwani za Bitcoin kuwa baiti halafu inazirudisha. Zinazoanza na 3 zinarudi vilevile, ila zinazoanza na 1 zinarudi bila hiyo 1. Nimekwama.

JIBU: Sifuri za mbele ndo zinapotea. Kwenye Base58 (mfumo wa herufi 58 unaotumika kuandika anwani hizo) herufi 1 ina thamani ya sifuri, na anwani zako za 1 zina baiti ya kwanza 0 (za 3 zina 5, ndo maana zimepona), sasa wewe unageuza kila kitu kuwa namba moja kubwa na namba haikumbuki sifuri za mbele, kwa hiyo baiti 25 zinabaki 24 au pungufu. Hesabu 1 za mwanzo kabla ya kugeuza, rudisha baiti 0 idadi hiyohiyo, na ukirudi fanya kinyume chake. Tafadhali usijazie tu sifuri mpaka zifike 25, hapo utapokea hata anwani iliyokatwa 1, na hii ni pesa ya mtu jamani! Jaribu na hashi (zile baiti 20 zinazofuata baiti ya kwanza) ya sifuri tupu, lazima upate 1 mara 21 mwanzoni.