Usimsamehe mtu hadharani kabla hujaketi nyumbani kwake

Usiende mbele ya ule msikiti Jumapili. Kama tangazo limekwisha kutolewa kanisani, lifutwe. Umeandika kwamba mawe yalirushwa juu ya bati la kanisa lenu huko Ndosho wakati wa mkesha, kwamba vijana wanawashuku Waislamu wa jirani, na kwamba mmepanga kwenda na kwaya kusoma tamko la msamaha langoni mwao ili kulitimiza neno la Yesu, "Wapendeni adui zenu." Unauliza kibali kinaombwa kwa nani, nyimbo zipi zinafaa na watoto wafundishwe nini. Dada yangu, mimi nilifanya jambo hilohilo Januari 2023, hapahapa Goma, na aliyelipa gharama yake hakuwa mimi.

Bomu lilikuwa limelipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, mpakani na Uganda, Jumapili tarehe 15, watu wakiwa katika ibada ya ubatizo. Jeshi liliwataja waasi wa ADF, na kundi linalojiita Dola ya Kiislamu likadai kuwa ndilo lililofanya. Tulikuwa na uchungu usiosemeka. Wiki hiyo tulikuwa na mhubiri mgeni, naye akatufundisha kwamba msamaha wa moyoni hautoshi, kwamba adui lazima ausikie kwa masikio yake mwenyewe. Nilikuwa kiongozi wa vijana, nikamwamini. Alhamisi tukafunga kipaza sauti juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tukaenda tukiimba mpaka mbele ya duka la mzee mmoja mwenye asili ya Kasongo, ambaye sote tulimwita Hajji. Tulimchagua kwa sababu moja tu: katika barabara yetu hapakuwa na Mwislamu aliyejulikana kuliko yeye. Nikashika maikrofoni, nikasema, "Kwa damu ya ndugu zetu wa Kasindi, tumekusamehe."

Hajji alikuwa akimpimia mama mmoja maharage. Kopo lilikuwa limejaa mpaka juu, mkono wake ukasimama hapohapo, na punje chache zikadondoka mezani. Yule mama akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akakunja mfuko wake mtupu na kuondoka.

Ukimwambia mtu kwamba umemsamehe, umekwisha kusema kwamba ana kosa. Mimi nilikuwa nimewatangazia majirani wote kwamba yule mzee ana hatia ya damu, tena nikiwa na kipaza sauti ambacho yeye hakuwa nacho. Wateja walianza kupungua kesho yake. Waliokuwa wamekopa unga na mafuta waliacha kulipa, wakisema kwamba hawawezi kumtajirisha muuaji. Usiku mmoja mtu aliandika herufi tatu, ADF, kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa bati wa duka, na nilipowauliza vijana wangu, kila mmoja alitazama chini. Wajukuu wake walipigwa njiani wakitoka shuleni mpaka mama yao akawaacha nyumbani. Kabla ya mwisho wa Februari duka lilikuwa limefungwa.

Yule mhubiri hakuyaona hayo. Ijumaa asubuhi alikwisha kupanda meli kwenda Bukavu, akiwa na sadaka yetu mfukoni na picha za maandamano kwenye simu yake. Nilipompigia baadaye kumweleza, alinijibu kwamba injili siku zote huleta mateso. Mateso ya nani? Hakuna aliyemgusa yeye, wala mimi. Bado nina hasira naye, na ninapomwombea ninaomba kwanza nipunguziwe hasira hiyo.

Nilikwenda kwa Hajji peke yangu wakati duka limekwisha kufungwa. Alinikaribisha, akamtuma mtoto kuleta chai ya tangawizi, akaningoja ninywe nusu ya kikombe, ndipo akauliza, "Mwanangu, ulinisamehe kosa gani?" Sikuwa na jibu. Akanikumbusha jambo ambalo nililisikia redioni na kulisahau: Mei 2021, huko Beni, Sheikh Ali Amin aliuawa kwa risasi ndani ya msikiti wakati wa sala, naye alikuwa akihubiri waziwazi dhidi ya wauaji haohao wa ADF. Msiba wa Kasindi ulikuwa msiba wa Hajji pia. Alikuwa amepatana na wazee wenzake wawili kwamba baada ya sala ya Ijumaa waje kanisani kwetu kutupa pole. Sisi tulifika kwake Alhamisi.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu: nenda kwanza, nenda peke yako, keti, sikiliza. Katika sura ileile ya tano ya Mathayo, kabla ya kufika kwenye adui, Yesu anamwambia mtu mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Mwenye neno hapo ni yule mwingine, na neno lake hulijui mpaka akuambie. Hata Fransisko wa Asizi, yule mtawa wa Italia, mwaka 1219, vita vya msalaba vikiwa vimepamba moto kule Damietta, Misri, alivuka kwenda kwa Sultani al-Kamil akiwa na ndugu mmoja tu, bila kwaya na bila jeshi.

Na ninyi, ni nani aliyemwona mrusha mawe? Hukuandika. Kabla ya Jumapili chagua jioni moja, baada ya sala yao ya magharibi, umwombe kiongozi wa nyumba kumi akuonyeshe nyumba ya imamu. Simu ibaki nyumbani. Usianze na mawe. Muulize watu wa kwake wanaishije na kelele za mikesha yenu, na chai ikiletwa, inywe yote. Ukirudi, tuandikie alichokuambia.